Moto wa Havan na Hewa ya Dar es Salaam

Je, moto unaowashwa kwa kuni, samli na manukato katika havan, ibada ya Kihindu, husafisha hewa, kama makuhani na wazee wanavyofundisha, au huichafua kama moto mwingine wowote? Swali hili huulizwa na majirani wanaoona moshi ukipanda kutoka ua wa nyumba ya pili, na huulizwa vilevile ndani ya familia za Kihindu zenyewe, ambamo babu anayeamini kwamba moshi wa samli hufukuza maradhi huishi nyumba moja na mjukuu aliyesoma kemia na ambaye kifua chake hubana kila moshi unapoingia sebuleni. Zamani mazungumzo hayo yalibaki zaidi katikati ya mji wa Dar es Salaam, katika Mtaa wa Kisutu ambako mahekalu yamefuatana, na katika nyumba za Upanga. Leo familia nyingi zimehamia Mikocheni, Mbezi Beach na Kawe, na ibada ya kuingia nyumba mpya hufanyika katika ghorofa ambalo jirani wa kulia ni Mkristo na wa kushoto ni Mwislamu, hivyo swali limekuwa la mtaa mzima.

Anayelijibu kwa neno moja, ndiyo au hapana, huwapotosha wote wawili, babu na mjukuu. Moshi wa havan unaweza kweli kupunguza vijidudu vinavyoelea ndani ya chumba, na moshi huohuo hujaza chumba hicho chembe laini zinazodhuru mapafu. Hewa ya jiji haiutambui moto huo, kwa kuwa ni mdogo mno mbele ya majiko, majalala na magari, ilhali mtu anayeketi hatua moja kutoka kwake huutambua kwa kila pumzi. Ili mambo hayo yaeleweke, ni lazima kwanza moto wenyewe ufahamike.

Moto huu ni upi

Havan, ambayo pia huitwa homa, ni ibada ambamo sadaka hutolewa kwa kutiwa motoni badala ya kuwekwa juu ya madhabahu. Ni tawi la desturi pana zaidi iitwayo yajna, yaani utoaji wa sadaka, ambayo imo katika Veda, maandiko ya kale kuliko yote ya Kihindu. Utenzi wa kwanza kabisa wa Rigveda humwelekea Agni, mungu wa moto, anayeaminiwa kuwa ndiye mchukuzi wa sadaka kutoka kwa binadamu kwenda kwa miungu. Kila sadaka inapotiwa motoni hutamkwa neno "svaha", na samli humiminwa kwa kijiko kirefu cha mti au cha shaba.

Moto huwashwa ndani ya kunda, yaani chombo cha shaba au tanuru dogo la matofali lenye mdomo mpana na kitako chembamba. Kuni zake huitwa samidha, na mwembe ni miongoni mwa miti inayopendwa, jambo linaloirahisishia kazi familia ya Kihindu iliyoko pwani ya Afrika Mashariki. Mchanganyiko wa mimea, utomvu na manukato unaotiwa juu yake huitwa samagri, na ndani yake huweza kuwamo msandali, kafuri, ufuta, utomvu wa guguli na majani makavu ya aina nyingi. Sherehe inapofikia kilele, nazi nzima huweza kutolewa sadaka.

Nyakati za kuwasha moto huu ni nyingi. Maharusi wa Kigujarati huuzunguka mara nne, na ndoa haihesabiwi kuwa imekamilika bila ya mizunguko hiyo. Mtoto hupewa jina mbele yake. Nyumba mpya huingiwa baada ya moto kuwashwa ndani yake. Wafuasi wa Arya Samaj, jumuiya ya mageuzi ya Kihindu yenye matawi ya tangu enzi za ukoloni katika miji ya Afrika Mashariki, huifanya havan kuwa kitovu cha ibada yao. Ipo pia agnihotra, sadaka fupi ya dakika chache inayofanywa jua linapochomoza na linapozama, ambayo katika sura yake inayoenezwa siku hizi hutumia vipande vya kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, samli na punje chache za mchele.

Ni vyema kukumbuka kwamba si kila mtu ambaye mitaani huitwa Mhindi hufanya ibada hii. Waismailia, Mabohora na Waithnaasheri ni Waislamu, Wagoa wengi ni Wakatoliki, na hata miongoni mwa Wahindu wenyewe yapo madhehebu ambayo taa ya samli mbele ya sanamu hutawala ibada ya kila siku, na moto mkubwa ukangojea harusi na sikukuu. Hoja ya uchafuzi wa hewa, kwa hiyo, inahusu jamii ndogo ndani ya jamii ndogo.

Imani ya kusafisha hewa ilikotoka

Wazo la kwamba moto wa sadaka hunufaisha hewa ni la kale, lakini lilipewa sura ya hoja ya kisayansi katika karne ya 19 na Dayananda Saraswati, mwasisi wa Arya Samaj, aliyeianzisha jumuiya hiyo mjini Bombay mwaka 1875. Katika kitabu chake Satyarth Prakash alifundisha kwamba kitu kinachotiwa motoni hakipotei, bali hugawanyika kuwa chembe ndogo mno ambazo huenea hewani, zikafika mbali na kuondoa uvundo unaoleta maradhi. Hoja hiyo isisomwe kwa dharau. Wakati huo hata Ulaya madaktari wengi walikuwa wakiamini kwamba magonjwa huletwa na hewa yenye uvundo, na Robert Koch alikuwa hajatangaza bado ugunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu, jambo alilolifanya mwaka 1882. Tena nusu ya kwanza ya hoja ya Dayananda ni kweli tupu: kilichochomwa hakipotei, na chembe zake huenea. Kosa liko katika nusu ya pili, inayodhani kwamba chembe hizo ni dawa kwa kila azivutaye.

Baadaye kisa kimoja kiliipa imani hiyo nguvu mpya. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu iitwayo methili isosianeti ilivuja kutoka kiwanda cha dawa za kuulia wadudu katika mji wa Bhopal nchini India, ikaua maelfu ya watu. Tangu hapo imekuwa ikisimuliwa kwamba familia zilizofanya agnihotra usiku ule zilinusurika, na simulizi hiyo imeenea kila walipo Wahindu, Afrika Mashariki ikiwemo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba wasimuliaji ni waongo. Lakini gesi ile ilikuwa nzito kuliko hewa, ilitambaa chini kwa kufuata upepo na mabonde, ikawapiga zaidi watu wa vibanda vilivyokuwa karibu na kiwanda, na wengi walionusurika walikuwa mbali, au juu, au upande ambao upepo haukuelekea. Ili moto upewe sifa ya kuokoa, ingelazimu walioufanya walinganishwe na majirani wao wa mtaa uleule, wa kimo kilekile, ambao hawakuufanya, na simulizi za manusura, hata zikiwa za kweli, haziwezi kufanya kazi hiyo.

Dai lingine, ambalo huchapishwa kwenye vipeperushi na kusambazwa kwa simu, husema kwamba gramu 10 za samli zikitiwa motoni huzalisha tani nzima ya oksijeni. Dai hili halina hata chembe ya ukweli, na wanaoipenda havan wangeitendea haki zaidi kwa kuacha kulirudia. Moto wowote hutumia oksijeni. Samli ni mafuta, na gramu 10 za mafuta ya namna hiyo, zikiungua zote bila kubaki, huchukua kutoka hewani zaidi ya gramu 25 za oksijeni na kurudisha kiasi kinachokaribiana na hicho cha kaboni dioksidi pamoja na mvuke wa maji.

Kinachotokea ndani ya kunda

Kuungua ni kuungana kwa kitu na oksijeni kwa kasi inayotoa joto. Kuni kavu zikipata joto la kutosha na hewa ya kutosha huungua karibu zote, na kinachobaki ni majivu, kaboni dioksidi na mvuke. Hali hiyo huitwa uunguaji kamili, na kwa kweli hakuna moto wa kuni unaoufikia. Kuni zikiwa mbichi, hewa ikiwa haba, au moto ukizimwazimwa kwa kumwagiwa vitu vingi kwa mara moja, sehemu ya kuni huvukizwa bila kuungua, na mvuke huo ukipoa huwa moshi: masizi, matone ya lami, na gesi kama kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huizuia damu kubeba oksijeni.

Sehemu ya moshi inayowashughulisha zaidi madaktari ni ile isiyoonekana kwa macho. Chembe zenye upana wa mikroni 2.5 au pungufu, mikroni moja ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita, huitwa chembe laini, na kwa kawaida huandikwa PM2.5. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuliko chembe hizo mara 20 au 30. Kwa udogo wake, chembe hizo hupita pua na koo bila kunaswa, zikafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2021, linashauri kwamba wastani wa siku nzima usizidi mikrogramu 15 za chembe hizo katika kila meta moja ya ujazo ya hewa, na wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5.

Samli ina tabia mbili zinazopingana. Ikimiminwa kidogokidogo juu ya mwali uliochangamka, huongeza joto na kuusaidia moto kuziunguza kuni vizuri zaidi. Ikimwagwa juu ya makaa yanayofuka, hufanya kama mafuta yaliyoungulia kwenye kikaango, ikatoa moshi mzito unaochoma macho. Kinyesi kilichokaushwa hakina tabia ya kwanza. Huungua polepole, kwa joto dogo na moshi mwingi, na kati ya vitu vyote vinavyoingia katika kunda hicho ndicho kinachostahili tahadhari kubwa zaidi.

Utafiti wa Lucknow na namna ya kuusoma

Mwaka 2007 wanasayansi wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mimea iliyoko Lucknow, nchini India, walichapisha matokeo ambayo tangu hapo hutajwa kila mara mjadala huu unapozuka. Walichoma kuni pamoja na samagri ndani ya chumba kwa muda wa saa moja, wakapima bakteria walioelea hewani kabla na baada, wakakuta kwamba wamepungua kwa zaidi ya asilimia 94, na kwamba katika chumba kilichofungwa hali hiyo iliendelea hata baada ya saa 24.

Matokeo hayo hayana ajabu kwa mtu wa pwani, anayejua kwamba samaki aliyekaushwa kwa moshi hukaa siku nyingi bila kuoza. Moshi wa kuni una kemikali zinazoua vijidudu, na mojawapo ni fomaldehaidi, ambayo hospitalini hutumika kuhifadhia maiti. Kemikali hiyohiyo imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuwasababishia binadamu saratani. Utafiti wa Lucknow ulihesabu bakteria, na hesabu ya bakteria haisemi lolote juu ya usalama wa chumba hicho kwa mtoto mwenye pumu. Chumba kinaweza kuwa na bakteria wachache na wakati huohuo kikawa na hewa mbaya kupita barabara yenye foleni.

Kwa kifupi, hadi hapa:

- Moto wa havan hauzalishi oksijeni, huitumia.
- Moshi wake hupunguza bakteria walio hewani ndani ya chumba, na kipimo cha hilo kipo.
- Kinachoua bakteria kimo katika moshi unaodhuru mapafu, na viwili hivyo haviji mbalimbali.

Hesabu ya gramu moja

Madhara ya moshi hutegemea kiasi chake, ukubwa wa mahali unapoenea, na muda ambao mtu anauvuta. Sebule ya kawaida katika nyumba za ghorofa za Kawe, tuseme yenye urefu wa meta 4, upana wa meta 4 na kimo cha meta 2.5, ina meta 40 za ujazo wa hewa. Gramu moja tu ya chembe laini ikisambaa sawasawa humo, na madirisha yakiwa yamefungwa, kila meta ya ujazo itakuwa na mikrogramu 25,000, yaani zaidi ya mara 1,600 ya kiwango cha siku kilichoshauriwa. Kilo moja ya kuni zinazoungua vibaya hutoa gramu kadhaa za chembe hizo, si moja. Ni kweli kwamba kiwango kile ni wastani wa saa 24 na kwamba madirisha yakifunguliwa hewa hubadilika haraka; hata hivyo pengo ni kubwa mno kuweza kupuuzwa, na linaeleza kwa nini wageni hukohoa na kutokwa machozi katika ibada ya dakika 40 ndani ya nyumba.

Wahindu hawako peke yao katika hili. Nyumba za Waswahili kutoka Lamu hadi Kilwa hufukiza udi na ubani kwa chetezo, makanisa huwasha ubani, na Waarabu wa Ghuba huwafukizia wageni buhuri. Nchini Singapore watu 61,320 wa asili ya Kichina, wasiokuwa na saratani mwanzoni, walifuatiliwa kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1993, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliotumia ubani na vijiti vya manukato kwa muda mrefu walipata zaidi aina fulani ya saratani ya njia za hewa. Dawa ya mbu ya mviringo, inayowashwa usiku kucha chini ya kitanda cha mtoto bila yeyote kuihesabu kuwa moshi, ilipimwa na watafiti katika kazi iliyochapishwa mwaka 2003, wakakuta kwamba koili moja hutoa chembe laini sawa na zile za sigara 75 hadi 137. Kuifanya havan kuwa mshitakiwa pekee, wakati chetezo na koili vimeachwa huru, ni upendeleo wa mtu anayeona moshi wa jirani na asiuone wa kwake.

Mtu mmoja hukosekana katika karibu kila mjadala, naye ni kuhani. Familia huwasha moto mara chache kwa mwaka. Kuhani huketi mbele yake katika harusi ya Jumamosi, nyumba mpya ya Jumapili, na pengine hekaluni kila alfajiri, kwa miaka 30 au 40. Kuna wapishi wa shule na mama lishe ambao mapafu yao hubeba mzigo wa aina hiyohiyo, na kama vile afya ya hao imeanza kutajwa katika mipango ya nishati safi, afya ya kuhani nayo yafaa itajwe na waumini wanaomwalika.

Ni nini hasa kinachoichafua hewa ya Kawe

Mkazi wa Kawe anayesimama kwenye Barabara ya Mwai Kibaki saa moja jioni huvuta mchanganyiko wa vitu vingi: moshi wa daladala na bodaboda, vumbi, moshi wa mabanda ya chipsi na mishikaki, majani na plastiki zinazochomwa nyuma ya nyumba baada ya kufagia, na mafuta yanayochemka katika vikaango vya wakaanga samaki wa ukanda wa Msasani, Kawe na Kunduchi. Kaskazini kidogo, Wazo, kipo kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966.

Juu ya yote hayo upo mkaa. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia takriban tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na kwamba karibu nusu yake iliishia Dar es Salaam. Nusu hiyo ikigawanywa kwa siku za mwaka hupatikana kiasi cha tani 1,370 kila siku. Mkaa hautoi moshi mwingi jikoni, kwa kuwa sehemu kubwa ya moshi wake ilikwisha kutoka msituni kwenye tanuri, lakini hutoa kaboni monoksidi nyingi, na ndiyo sababu jiko lililoachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini.

Sasa chukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba familia 20 za Kawe na Mikocheni zinawasha havan siku moja, kila moja ikitumia kilo 2 za kuni. Jumla ni kilo 40, kiasi ambacho kibanda kimoja cha kuuza mkaa huweza kukimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hata havan kubwa kupita kiasi huonekana ndogo kwa kipimo hicho. Mwezi Machi mwaka 2018, katika mji wa Meerut nchini India, makuhani 350 walichoma kwa siku tisa tani 50 za kuni za mwembe kwa nia ya kupunguza uchafuzi wa hewa, jambo lililozua ubishi mkubwa nchini humo. Tani zile 50 za siku tisa ni sehemu ndogo ya mkaa ambao Dar es Salaam huuteketeza kwa siku moja. Lakini moto wa Meerut uliwashwa mahali pamoja, katika bonde la mto Ganga ambalo hewa yake tayari ilikuwa miongoni mwa chafu zaidi duniani, na nia njema haikubadilisha kilichotoka kwenye kuni.

Majirani wa Kawe wana sababu nzuri ya kujua tofauti kati ya moshi unaosumbua na moshi unaoangamiza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulipinga jalala la Halmashauri ya Jiji lililokuwa likifuka uvundo na moshi katikati ya makazi yao, wakashinda. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, mwendo mfupi kutoka Kawe, zikachomwa hapo, na mwaka 1991 wakazi zaidi ya 700 wa Mtongani nao walifungua shauri na kupewa haki. Hukumu hizo mbili ni kati ya kumbukumbu bora za haki ya hewa katika nchi hii, na zilitangulia kwa zaidi ya miaka kumi Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007. Walioshitakiwa hawakuwa waumini wa dini yoyote, bali chombo cha umma, na moshi wenyewe ulikuwa wa taka zilizotupwa bila mpango.

Serikali imeelekeza nguvu zake panapostahili. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unakusudia kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mkakati wa namna hiyo ukifanikiwa kwa nusu tu, utaondoa moshi ambao havan zote za Afrika Mashariki zisingeutoa katika kizazi kizima.

Moto wa mwisho

Moto mmoja wa Kihindu unastahili kutajwa peke yake kwa sababu ya wingi wa kuni zake, nao ni ule wa kuchoma maiti, unaohesabiwa katika mapokeo kuwa sadaka ya mwisho ambamo mwili wenyewe ndio unaotolewa. Moto wa wazi wa kuni kwa mwili mmoja huweza kutumia kilo 400 au zaidi, na ndiyo maana miji mingi imeanza kutumia tanuri za gesi, dizeli au umeme, ambazo waumini wengi wamezikubali bila kuona kwamba ibada imepunguka. Afrika Mashariki ilipata funzo lisilotarajiwa juu ya jambo hili Oktoba 2011, Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa misitu na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, alipochomwa katika tanuri la Kariokor jijini Nairobi, baada ya kuagiza asizikwe katika jeneza la mbao. Mkikuyu aliyelelewa katika Ukristo aliifuata njia ambayo wengi waliihesabu kuwa ya Wahindu peke yao, kwa ajili ya miti.

Kuwasha bila kufukiza

Huenda jambo muhimu kuliko yote katika mjadala huu ni hili: desturi yenyewe haiupendi moshi. Mundaka, mojawapo ya maandiko yaitwayo Upanishad, huelekeza kwamba sadaka itolewe moto ukiwa umekwisha kukolea na mwali unachezacheza, na Bhagavad Gita huutaja moshi kama mfano wa kasoro iliyoufunika moto. Mafundi wa ibada wa zamani na wanakemia wa leo wanakutana hapo bila kupangiana: mwali mkali ni dalili ya uunguaji mzuri, na moto unaofuka ni dalili kwamba kuna kilichokosewa. Kuhani anayewasha moto safi hajailegeza dini yake hata kidogo.

Kwa familia inayotaka kuendelea na havan na kulinda vifua vya waliohudhuria, yafuatayo yana maana zaidi kuliko mengine:

- Kuni ziwe nyembamba, zimepasuliwa, na zimekaushwa kwa miezi kadhaa. Kuni ya mwembe iliyokatwa juzi ni chanzo cha moshi hata ikimiminiwa samli kiasi gani.
- Sadaka zitiwe kidogokidogo, na kila moja isubiri mwali urudi.
- Vijiti, manukato na kafuri za viwandani ambazo haijulikani zimetengenezwa kwa nini ziachwe. Majani ya mwarobaini, mti uliokuja pwani hii kutoka Bara Hindi, yakaushwe sawasawa kama ni lazima yatumike.
- Moto uwashwe uani, barazani au juu ya paa, na ndani ya ghorofa taa ya samli ichukue nafasi yake, jambo ambalo makuhani wengi hulikubali wakiombwa.

Linabaki suala la mahali pa kuketi, ambalo kwa Kawe lina utata wake. Kwa kawaida mwenye kutoa sadaka huelekea mashariki, maana yake huketi magharibi ya moto. Bahari ya Kawe iko mashariki. Kuanzia adhuhuri hadi jioni upepo huvuma kutoka baharini, uwe wa kaskazi ukitoka kaskazini-mashariki au wa kusi ukitoka kusini-mashariki, na kwa hiyo moshi wa havan ya jioni huelekea usoni mwa mtoa sadaka na wote walioketi nyuma yake. Alfajiri mambo hugeuka: upepo dhaifu wa nchi kavu hushuka kuelekea majini, na moshi ukaondoka upande usio na watu. Familia iliyo huru kuchagua saa ingefanya vyema kuchagua macheo. Isiyokuwa huru, kwa kuwa mwezi au nyota za arusi zimepanga jioni, imwache mtoa sadaka na kuhani mahali pao pa desturi, na viti vya wajawazito, wazee, watoto wachanga na wenye pumu vipangwe upande wa bahari, ambako moto utaonekana vizuri zaidi na moshi hautafika.